Uso wa Bibi Ettie Kwenye Ukuta wa Kinu

Tarrawin,
14 Septemba 1987

Shangazi Verna,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na kwamba yule jirani wa ghorofa ya juu ameuza ile piano. Mimi mzima. Nimefikia kwa Mzee Clarrie, aliyekuwa akikata manyoya ya kondoo pamoja na marehemu baba. Anakusalimu sana, na anasema hajasahau ulivyomsukuma mtoni akiwa na viatu vipya. Mkewe Beryl ananilisha mkate wa majivuni na nyama ya kondoo asubuhi na jioni. Nikirudi Sydney nitapita mlangoni kwa ubavu.

Sasa habari yenyewe. Baraza la mji limekubali! Nimepewa ukuta mzima wa kinu cha zamani cha unga, ule unaotazama barabara kuu. Wanataka kitu cha kupendeza kabla ya sherehe zao za mwakani, za kutimiza miaka mia mbili tangu wazungu wa kwanza wafike nchini. Mzee Clarrie akasema, "Vizuri. Wao washerehekee, sisi tuwaonyeshe nani alikuwa nyumbani walipobisha hodi." Beryl akajibu akiwa jikoni, "Hawakubisha."

Shangazi, kaa chini kabla ya kusoma hili. Nimempata Bibi Ettie. Mwalimu wa zamani wa shule ya misheni alifariki, watoto wake wakapeleka sanduku la picha zake maktaba, picha za zamani zilizo kwenye vioo. Kioo cha saba ni yeye. Ana miaka hamsini hivi, amekaa kwenye benchi la kanisa, amejifunika joho la ngozi za posamu, wale wanyama wadogo wa mitini, ana kovu shavuni, na anamtazama mpiga picha kama anayemuuliza amemaliza au bado. Uliniambia hakuna hata picha moja yake duniani. Nilikaa pale maktaba mpaka walipofunga.

Nataka kumchora, mita tisa kwenda juu. Kumzunguka nitaweka mistari iliyochorwa kwenye lile joho. Mzee Clarrie anaijua, amenichorea kwa kijiti mchangani, na wazee wenzake wamekubali kwa kuwa ni ya ukoo wetu. Bado neno lako. Wewe ndiye binti yake pekee aliyebaki. Niandikie habari zake, chochote, hata alivyokuwa akifunga kitambaa kichwani.

Wako,
Noelene

·

Redfern, Sydney,
30 Septemba 1987

Binti yangu Noelene,

Marahaba. Huku tupo. Jirani yetu Daphne amejifungua mtoto wa kike, kilo nne, kichwa kama cha babu yake. Jumamosi tulimzika mzee Reg wa mtaa wa pili. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama barabarani, na polisi wakaja kuuliza kuna fujo gani. Goti ni lile lile. Piano haijauzwa.

Nimefurahi kuhusu ukuta. Baba yako angetembea mji mzima akijigamba.

Lakini bibi yako usimchore. Watu wetu hawachezei nyuso za waliotangulia, na Clarrie anapaswa kulijua hilo hata kama siku hizi anajifanya profesa. Chora mto. Chora samaki, chora lile joho na mistari yake, nakubali kwa roho moja. Uso uache.

Usiniulize kwa nini. Nimekulea tangu ukiwa na miaka sita, sijakuomba mambo mengi.

Shangazi yako,
Verna

Lile duka la dawa lililo ng'ambo ya kinu bado lipo? Nauliza tu.

·

Tarrawin,
22 Oktoba 1987

Shangazi,

Shikamoo, na hongera kwa mtoto wa Daphne. Beryl ameanza kumfumia soksi.

Kwanza, nimekukosea. Bahasha yako uliiandikia anwani ya misheni ya zamani. Misheni ilifungwa miaka kumi na nane iliyopita, Shangazi. Barua ilizunguka mpaka ikanifikia tarehe kumi na tisa, wakati macho yake, pua na mdomo vilikwisha kukamilika. Niliona umenyamaza, nikajiambia umekubali. Nisamehe. Niliisoma nikiwa juu ya jukwaa, nikageuka kumtazama Bibi, naye akanitazama. Sikuweza kumfuta. Wazee wamekuja, wamesimama mbele yake, wamevua kofia. Hakuna aliyesema ni kosa.

Duka la dawa bado lipo. Na ndilo linalonifanya niandike leo leo.

Jana nilikuwa ninamalizia shavu. Mzee Clarrie alikuwa chini ameshika ngazi na kunung'unika kuhusu mgongo wake. Nikasikia sauti ya mwanamke.

"Samahani. Hilo kovu."

Nikatazama chini. Mama wa kizungu wa miaka sitini hivi, glavu nyeupe, kofia ya jua, miwani myeusi.

"Limefanya nini?" nikamuuliza.

"Liko upande usio wake. Lilikuwa kushoto."

"Ulimfahamu huyu bibi?"

Akazivuta glavu zake zikae vizuri, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Mtu huona mambo," akasema, akavuka barabara na kuingia dukani.

Nilishuka nikakimbia maktaba. Ni kweli. Kile kioo nilikuwa nimekigeuza wakati wa kunakili, kushoto kukawa kulia. Picha ilikuwa imefungiwa kwenye sanduku la mwalimu miaka arobaini. Huyo mama, Bi Hallam, mjane wa mwenye duka, alijuaje?

Nilimuuliza Mzee Clarrie. Akasema mgongo unamuuma, akaenda nyumbani. Unamjua Clarrie: hata kwa daktari wa meno anaongea.

Kovu lilikuwa upande gani, Shangazi?

Noelene

·

Tarrawin,
15 Novemba 1987

Shangazi Verna,

Shikamoo. Wiki tatu na nusu sijapata hata mstari. Nilimpigia Daphne simu, akasema u mzima, unakula, ila ukitajiwa Tarrawin unainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vimekwisha kuoshwa.

Basi nikueleze kilichotokea, hata kama hutaki kusikia.

Jumamosi nilishusha jukwaa. Uso umekamilika, kovu nimelihamishia kushoto. Watu walijaa barabarani, wetu na wazungu, kama siku ya mashindano ya farasi. Diwani Graham Hallam alikuja na familia yake kuonekana kwenye gazeti, na mama yake alikuwa kando yake. Jua lilikuwa kali, lakini kofia yake ilipeperushwa na upepo, akainama kuiokota, na miwani akaivua ili kufuta vumbi.

Mjukuu wake ana miaka mitano. Alikuwa analamba aiskrimu. Akatazama ukuta, akamtazama bibi yake, akasema kwa ile sauti ya watoto isiyojua kunong'ona, "Nana, mbona wamekuchora wewe?"

Shangazi, tulikuwa watu kama mia tatu pale. Vichwa viligeuka ukutani, vikageuka kwa Bi Hallam, vikarudi ukutani. Paji la uso lile lile. Macho yale yale yaliyoinama pembeni. Hata namna ya kufunga mdomo. Mimi niliyekaa na uso ule wiki tano, nikiupima kwa rula nukta kwa nukta, sikuwa nimeliona. Kama ningeambiwa nimchore yule mama kutoka dukani nisingebadilisha chochote ila rangi ya ngozi, na hiyo nayo kwa kidogo tu.

Mji mzima umenunua dawa kwake miaka thelathini na tano. Mji mzima ulimpita Bibi Ettie barabarani. Ni kwamba hakuna mzungu aliyewahi kumtazama Bibi usoni.

Graham alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Umefanya makusudi," akaniambia. "Futa huo uso."

"Kwa nini nifute?"

"Kwa sababu unamdhalilisha mama yangu!"

Mama yake alimshika mtoto mkono, akaingia dukani, akageuza kibao cha "Tumefunga".

Ni nani, Shangazi? Hata kama utaniapiza, nijibu.

Noelene

·

Redfern,
4 Desemba 1987

Noelene,

Mimi mzima. Mtoto wa Daphne ameanza kucheka.

Kovu lilikuwa kushoto. Alianguka juu ya birika la maji ya moto alipokuwa msichana.

Paka rangi juu ya uso huo, urudi nyumbani Krismasi.

Verna

·

Tarrawin,
18 Desemba 1987

Shangazi,

Sirudi Krismasi. Baraza litakutana Februari kupiga kura kama uso ufutwe, na mpaka siku hiyo ninalala hapa. Mtu amekwisha kurusha mayai mara mbili. Beryl huyaosha kwa ufagio na kutukana kwa lugha mbili.

Nimeenda dukani. Nilijifanya nataka plasta. Hapakuwa na mteja mwingine. Bi Hallam aliniwekea plasta mezani, mikono yake bila glavu, nikaiona. Ni mikono yako. Vidole vifupi, kucha pana, kidole cha mwisho kimepinda kuelekea ndani.

Akasema, "Verna yu hai?"

Sikuwahi kutaja jina lako, Shangazi. Kwa mtu yeyote pale dukani, hata siku moja.

Nikasema, "Yu hai. Anaishi Redfern."

Akashika ukingo wa meza. "Mwambie Ilma anauliza."

Nilitoka bila plasta. Nilitembea mpaka makaburi ya misheni, kilomita nne kwa jua la Desemba, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu kama nina akili timamu. Kaburi la Bibi lipo. Kando yake upo ule msalaba mdogo wa mbao ambao ulinifundisha kuupangusa nilipokuwa mtoto, ulipokuwa ukinileta siku za kumbukumbu. ILMA, BINTI WA ETTIE. Uliniambia mwili ulizikwa Sydney na hapa ni pa kumwombolezea tu. Uliniambia ni homa ya mapafu. Nimeweka maua pale, Shangazi. Nilimwombea. Na kumbe alikuwa mjini akiuza dawa za kikohozi!

Mzee Clarrie nilimkuta uani akijifanya anatengeneza baiskeli isiyo na magurudumu.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilidhani," akasema. "Wengi tulidhani."

"Na mkanyamaza?"

"Mama yake alikuwa amekwisha kunyoa nywele na kujipaka udongo mweupe. Nani angeenda kumwambia mama aliyekwisha kuomboleza kwamba anyooshe shingo achungulie dirishani? Wewe ungeenda?" Akaitupa spana chini. "Habari hii si yangu. Muulize aliyeileta."

Nakuuliza wewe.

Noelene

·

Redfern,
9 Januari 1988

Noelene, mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Daphne ameniletea karatasi nyingine leo, hakuuliza kitu.

Ilma alikuwa mdogo wangu kwa miaka minne. Alikuwa mweupe kuliko sisi wote, na rangi hiyo ndiyo iliyomponza. Alipofika miaka kumi na minne meneja wa misheni alikuja na gari, akampeleka Sydney kufanya kazi za ndani kwa wazungu. Mama alikimbilia gari mpaka lango la pili. Barua zilikuja mwaka wa kwanza, kisha zikakoma. Miaka kumi na moja mama aliniuliza kila wiki nikitoka mjini, "Kuna habari ya Ilma?" Nami nilijibu, "Bado, mama."

Mwaka 1952 duka la dawa lilipata mmiliki mpya. Nilikwenda kumnunulia mama dawa ya macho. Nyuma ya meza alisimama mdogo wangu. Nywele zimetiwa rangi, poda usoni, lakini mimi nilimbeba mgongoni, ningemjua hata gizani. Nikapiga kelele, "Ilma!" Nilimnyooshea mikono yote miwili.

Mumewe akatoka nyuma. Ilma akanitazama, uso umekauka kama ubao. Akasema, "Samahani, mama, umenifananisha." Kisha akaisukuma chupa ya dawa juu ya meza kwa ncha ya kidole, ili mkono wake usiguse wangu.

Baadaye nilisikia kuhusu karatasi. Unaikumbuka ile karatasi ya serikali tuliyoiita leseni ya mbwa? Ukiipata unahesabiwa kama mzungu, unaweza kuingia dukani na hospitali kwa mlango wa mbele, lakini ukikutwa na ndugu zako wanakunyang'anya. Na yeye tumboni alikuwa na mtoto. Huenda ndiye huyo diwani wenu. Watoto wa watu wetu walichukuliwaje, unajua. Leo nayaelewa hayo. Siku ile sikuelewa kitu ila kidole.

Nilirudi kwa miguu. Mama alikuwa anakanda unga. Akaniuliza, kama kila wiki, "Kuna habari ya Ilma?"

Nikasema, "Amekufa, mama."

Maneno mawili tu. Yalikuwa ya hasira. Nilitaka kuyasema kisha nikae, nimwambie, basi, sikiliza kilichotokea. Lakini mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wala mnyama, na majirani wakaja mbio. Kabla jua halijatua alikuwa amekata nywele zake zote. Wanawake walimpaka udongo. Walinikumbatia na mimi, wakaniambia pole. Ningesimama wapi hapo niseme nimedanganya?

Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi. Mwezi uliofuata haikuwezekana tena. Msalaba niliuchonga mimi.

Mama alifariki 1963. Nilimzika, nikaondoka, na isipokuwa zile siku za kumbukumbu, sijakanyaga tena. Hata zile nilikupitisha njia ya nyuma ili usione barabara kuu. Sikuogopa picha ya marehemu. Niliogopa uso wa mama ukitazama lile dirisha.

Sasa umejua.

Verna

·

Tarrawin,
25 Februari 1988

Shangazi Verna,

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Nilipoisoma mara ya kwanza niliitoa nje nikaiacha uani, kama mtu anavyotoa kitu kinachonuka. Beryl ndiye aliyeiokota.

Sitakudanganya. Nina hasira. Namfikiria Bibi akinyoa nywele, nashindwa kula. Kisha nafikiria ile chupa ikisukumwa kwa kidole, nashindwa pia. Sijui nimwelekee nani. Kwa hiyo nitakueleza tu ya baraza.

Ukumbi ulijaa. Graham alileta hoja yake: uso ufutwe, mistari na mto vibaki. Alisema kwa adabu, amevaa tai. Alisema familia yake inateseka kwa uvumi. Watu wawili walimuunga mkono. Nilisimama nikaeleza mambo ya sanaa na heshima. Mzee Clarrie akasema, "Mmetuondolea ardhi, mmetuondolea watoto, sasa hata rangi?" Mwenyekiti akamwambia akae.

Ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka. Shangazi Ilma alikuja bila kofia, bila poda, nywele amezisafisha rangi zimebaki mvi. Hakuna aliyemtambua mpaka alipofika mbele. Alipofika, kila mtu alimtambua, kwa sababu wote walikuwa wamepita mbele ya ukuta wakija.

"Mama, kaa chini," Graham akasema.

"Nimekaa miaka thelathini na sita," akajibu. Akafungua mkoba, akatoa ile karatasi ya serikali, imekunjwa mara nne, imechanika kwenye mikunjo, akaiweka mbele ya mwenyekiti. "Soma jina. Soma kwa sauti."

Mwenyekiti akasoma kimoyomoyo, akaikunja tena.

"Basi nitasema mimi. Jina langu ni Ilma. Nilizaliwa misheni, kilomita nne kutoka hapa. Yule pale nje ni mama yangu." Akamgeukia mwanawe. "Graham, yule ni bibi yako. Unataka kumpaka chokaa bibi yako?"

Graham alimtazama kama anayemwona mtu akidondoka kutoka juu ya paa. Alisema, "Baba alijua?" Mama yake akatikisa kichwa kuashiria hapana. Graham akatoka nje, gari lake tukalisikia likiondoka kwa kasi. Uso umebaki kwa kura nne dhidi ya mbili. Hakuna aliyeshangilia.

Ni kama amehamia kwetu kabisa huyu mama, kila siku anakuja kwa Beryl. Hajui kuhusu msalaba. Hajui ulilomwambia Bibi. Anauliza mama yake alikufaje, nami najibu, "Shangazi Verna atakuja kukueleza." Si langu kulisema. Njoo, na uje wewe mwenyewe, si kwa barua. Mimi narudi Sydney Jumatatu. Ufunguo niachie kwa Daphne.

Noelene

·

Tarrawin,
20 Machi 1988

Mwanangu Noelene,

Nimefika salama. Clarrie alikuja kunipokea stesheni amevaa viatu vibovu, anasema safari hii haniamini karibu na maji. Beryl mzima. Soksi za mtoto nitazituma.

Ukuta nimeuona. Nilimwambia Clarrie aniache peke yangu. Sitasema zaidi ya hapo, ila mdomo umeupata hasa.

Ilma alinipeleka makaburini kwa gari lake. Njiani tuliongea kuhusu mvua, kama wageni. Tulipofika aliona msalaba wenye jina lake. Akasoma, akasoma tena. Nikamwambia yote, nimesimama, sikuomba kukaa. Nilidhani atanipiga. Akasema jambo ambalo sikuwa ninalitegemea.

"Kila Alhamisi mama alikuja mjini kuchukua posho yake. Nilikuwa nikisimama dirishani nimwone. Wewe ulikuwa umemshika mkono. Akifika mbele ya duka alijifunika uso kwa shali, akavuka barabara. Miaka kumi na moja, Verna. Nilijua anaona haya kwamba alinizaa."

Noelene, mimi nimeishi na uongo wangu miaka yote hii nikidhani ninaujua wote.

Nikamwambia, "Hakuwa anaona haya. Mara ya kwanza alipokuona alinishika mkono akasema, 'Nimemwona Ilma katikati ya chupa, amevaa nyeupe.' Nikamwambia, 'Usimtazame, mama. Ukimtazama hatapumzika.' Alidhani ameona mzimu wako, akajifunika ili upumzike."

Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaenda kwenye gari, akawasha, akaondoka. Nilirudi kwa miguu na goti hili, kilomita nne.

Siku tatu sikumwona. Beryl alisema nirudi Sydney, Clarrie akasema nisithubutu. Siku ya nne Ilma aliingia kwa mlango wa jikoni, macho yamevimba, hakusalimu mtu. Akakaa mbele yangu.

"Kabla ya kujifunika, alikuwa anasimama," akasema. "Kila mara. Pale kwenye ukingo wa barabara. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anakulalamikia nini?"

"Hakuwa anaongea na mimi."

"Alikuwa anaongea na nani?"

"Na wewe. Alikuwa anakusalimu. Kila Alhamisi maneno yale yale: nyumbani wote wazima, mwanangu, usihangaike kurudi."

Beryl alizima jiko akatoka nje. Ilma akauliza kama alikuwa akiyasema kwa Kiingereza. Nikamwambia hapana, kwa lugha yetu. Akaniomba niyaseme hivyo. Nikayasema. Akataka tena, na tena. Mara ya nne alijaribu mwenyewe. Ulimi wake umesahau, anayatamka kama mtoto wa miaka miwili. Sikumrekebisha. Tulikaa pale jikoni mpaka chai ikapoa, akiyarudia.

Hajanisamehe, na sijamwomba bado. Lakini leo ni Jumapili na amesema atakuja kesho. Usinisubiri mwezi huu. Mwagilia maua yangu, na yule wa piano mwambie apige tu.

Shangazi yako,
Verna